Karatasi ya Mkono, Udongo, Gome au Vizibo: Uanze Kuchezea Kipi?

Kuna mchoraji mwenzangu hapa Dar es Salaam ambaye kwa miaka sita amekuwa akichora twiga chini ya mbuyu. Twiga yule yule, mbuyu ule ule, na jua jekundu linazama nyuma. Anauza, ada za watoto zinalipwa, sina la kumlaumu. Mwezi uliopita alikuja kibarazani kwangu, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Kaka, mkono umekuwa mgumu. Nikishika brashi tu, najua kila kitakachotokea." Alikuwa amesikia kwamba natengeneza karatasi na rangi mwenyewe, akataka kujua kipi kati ya hivyo kingemrudishia hamu, au kama kuna kingine kinachofaa zaidi. Siku ile nilimjibu kwa mkato maana chai ilikuwa inapoa. Hapa namjibu kwa kirefu, yeye na wengine walioniuliza swali hilo hilo.

Kiswahili kina neno utundu. Mtoto mtundu ni yule anayefungua redio ya baba yake aone nani anaongea ndani. Atachapwa. Lakini siku akiifunga tena na ikaimba, mtaa mzima utamwita fundi. Mchoraji aliyepoteza utundu bado ana ufundi wote. Kilichomtoka ni ile tamaa ya kufungua redio.

Kwa hiyo nikilinganisha malighafi za msanii, sianzi na uzuri wala bei. Naanza na swali la hovyo kabisa: nikiiharibu hii, nitalala usingizi? Anayechora juu ya kanvasi aliyoinunua kwa hela ya umeme hawezi kucheza, mkono wake unahesabu shilingi. Baada ya hapo natazama kama kitu hicho kinanijibu jambo nisilolitarajia, na kama toka nitamani hadi niguse kunapita saa moja au wiki nzima. Kudumu na kuuzika navyo nitavigusa, ila ukivitanguliza utarudi kwa twiga wako kabla ya Ijumaa.

Kwanza, tusiidharau ya dukani

Rangi ya akriliki ya kununua inakauka haraka, na rangi uliyoipaka leo utaikuta mwakani. Ukiwa na oda ya picha nane za ofisi na tarehe ya kukabidhi, nunua akriliki, maliza kazi, lala. Sitaki kumdanganya mtu kwamba kila kitu cha mkono ni bora.

Na dukani kunaweza kuwa na utundu pia. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa mjini mwaka 1968, alitumia hadibodi za ujenzi na rangi ya kung'aa ya baiskeli. Vyote vilinunuliwa, ila kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na hadibodi ilikusudiwa dari. Kuibandua darini kimawazo na kuipa chui mwenye madoa, hapo ndipo palipokuwa na mchezo. Alifariki mwaka 1972, wanafunzi wake wakaurithi mtindo, na leo ile rangi ya baiskeli imekuwa sheria. Kitu kilichoanza kwa utundu kimekuwa sare ya shule. Nasema hivi nikiwapenda. Nimekula chakula cha wachora Tingatinga wengi.

Njia ya katikati ni amerikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Nunua mita mbili, ipigilie kwenye fremu ya mbao, ipake gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, ikikauka ipake mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji ya ukutani. Inashika rangi vizuri na haiumizi mfuko. Nimeiweka hapa kwa sababu wengi wataishia hapa, na si vibaya.

Karatasi ya mkono

Hiki ndicho ninachokipenda, nakiri mapema ili usome ukijua naelemea wapi.

Anza na trei za mayai. Zichane, ziloweke usiku kucha, asubuhi zitwange kwenye kinu hadi ziwe uji. Kinu kiwe chako, si cha jikoni, na blenda ya mke wako usiifikirie kabisa. Tengeneza fremu mbili za mbao zinazolingana, moja igongomelee wavu wa dirisha. Mimina uji kwenye beseni pana lenye maji, koroga, zamisha fremu zikiwa zimebanana, inua taratibu huku ukizitikisa kidogo kulia, kushoto, mbele, nyuma. Maji yanachuruzika, juu ya wavu unabaki utando wa nyuzi. Huo ndio karatasi. Igeuzie juu ya blanketi kuukuu lililoloa, funika na kipande cha kanga, rundika nyingine juu yake, kandamiza kwa mbao na matofali mawili. Baada ya saa chache zibandue, uzianike. Ukibandika moja kwenye kioo cha dirisha, upande uliogusa kioo utatoka laini kama shavu.

Sasa lile swali la usingizi. Karatasi mbichi ikitoboka, ikikunjamana, ikitoka nene upande mmoja kama chapati ya mwanafunzi, unairudisha kwenye beseni. Unakoroga, unaanza tena. Kosa linayeyuka na kuwa malighafi ya jaribio linalofuata. Hakuna kitu kingine katika orodha hii chenye huruma ya namna hiyo. Na kwa sababu kosa ni bure, mkono unaanza kufanya mambo: unatupa nyuzi za katani, maganda ya vitunguu, vipande vya kanga vyenye nusu ya methali, risiti za umeme wa luku. Unamimina uji wa rangi mbili kwenye wavu mmoja uone mpaka utakaa wapi. Saa mbili zinapita hujachora chochote na hujali.

Ukizoea trei, nenda kwenye mgomba. Shina unalikatakata, unachemsha vipande kwa magadi saa tatu au nne (vaa glavu, magadi ya moto hayana urafiki), unasuuza hadi maji yawe meupe, unatwanga. Utajua umefika ukitupia kidonge kidogo kwenye glasi ya maji, ukatikisa, nyuzi zikatawanyika kama wingu bila madonge. Karatasi yake ni ngumu, inalia ukiishika, na mwanga unapenya. Iringa, kwenye karakana za Neema Crafts zilizoanza mwaka 2003 na vijana viziwi, wametengeneza hata karatasi ya kinyesi cha tembo, na si kichekesho: tumbo la tembo halisagi sana, kwa hiyo nyuzi zinatoka nyingi na zimekwisha kulainishwa.

Matatizo yapo. Uji haukai. Nilisahau ndoo ya uji wa mgomba siku nne katika joto la Februari, mama mwenye nyumba akaja mlangoni ameziba pua kwa ncha ya kanga: "Mwanangu, humo ndani umemzika nani?" Pia karatasi isiyopakwa kitu inakunywa wino, mstari unatambaa kama buibui. Ipake uji mwepesi wa wanga wa muhogo ikishakauka, na udondoshee humo mafuta ya karafuu, la sivyo mende watafanya karamu. Na wakati wa masika usijisumbue, hakuna kitakachokauka.

Kama hata kutwanga ni kazi, kata na ubandike. Rosemary Karuga wa Kenya, aliyesoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikosa hela ya rangi akaanza kukata pakiti za unga na karatasi za sabuni, akazibandika ndogondogo hadi zikawa watu, kuku, wanawake sokoni. Mwaka 1990 kazi hizo zilifika hadi Studio Museum in Harlem, New York. Gharama yake ilikuwa mkasi na gundi.

Udongo, na rangi za jikoni

Hapa ni vitu viwili vinavyoonekana ndugu lakini tabia zao ni mbali kabisa.

Udongo ni mtu mzima. Chimba mwekundu, wa bara ndio mkali, au mweupe wa Pugu, utie kwenye ndoo ya maji, koroga kwa nguvu. Subiri kidogo mchanga utuame, kisha mimina yale maji yenye rangi kwenye ndoo ya pili. Yaache hadi kesho. Asubuhi maji yamekuwa maangavu juu, rangi imelala chini kama uji wa ulezi. Mwaga maji, anika kile kilichobaki. Ukisage juu ya kioo kwa jiwe laini pamoja na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa, na una rangi ya maji ambayo jua halitaiweza. Wekundu huo ni kutu ya chuma, haina mahali pengine pa kwenda. Ukitaka ushahidi panda Kondoa ukaone michoro ya mwambani, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wekundu wake ni wa namna hiyo hiyo, na umekaa hapo tangu kabla ya mtu yeyote kufikiria duka.

Kwa mchezo, udongo unajibu polepole. Raha yake iko katika kukusanya. Unaanza kutembea ukitazama chini, unasimamisha bodaboda kwa sababu ya kingo ya barabara iliyochimbwa. Nina makopo thelathini na kitu, kila moja limeandikwa mahali, na majirani wameacha kuuliza.

Rangi za jikoni ni watoto. Hazidumu na zinachekesha. Mpwa wangu wa miaka saba alikuja likizo, nikamwekea manjano, ile bizari ya mchuzi, niliyoiloweka kwenye spiriti ya duka la dawa. Akapaka karatasi nzima ikawa njano tupu. Nikampa brashi safi na kikombe cha maji ya magadi, nikamwambia haya ni maji tu, andika jina lako. Akaandika herufi ya kwanza, ikageuka nyekundu kama damu. Akaacha brashi. "Mjomba! Karatasi inaona haya!" Kisha akagundua mwenyewe kwamba limau linairudisha njano, na hapo mchana wote ukaisha: njano, nyekundu, njano, hadi karatasi ikatoboka. Mama yangu alipita akatazama, hakushangaa hata kidogo. "Si ndiyo doa la mchuzi kwenye kanzu," alisema. "Ukilipiga sabuni linakuwa jekundu. Miaka yote nimefua hili." Kumbe maabara ilikuwa kwenye karai lake.

Choya, yale maua makavu ya juisi nyekundu, nayo ni hivyo hivyo. Maji yake ni mekundu, ukitia limau yanang'aa, ukitia magadi yanaelekea bluu ya kijani hivi. Kwa gharama ya kikombe cha juisi una rangi tatu zinazobishana.

Sasa hasara. Niliwahi kumuuzia mteja mmoja kazi kubwa ya manjano, yeye akaitundika mkabala na dirisha. Miezi miwili baadaye alinipigia simu kwa sauti ya upole sana, ambayo ni mbaya kuliko ya hasira. Jua lilikuwa limeilamba njano yote, kimebaki kivuli cha magadi. Nilimrudishia nusu ya hela na somo nikalichukua lote. Rangi ya jikoni ni ya kuamshia mkono asubuhi. Kitu cha kuuza kitoke kwenye udongo, mkaa, masizi na chokaa.

Gome

Hiki ni kitambaa kinachopondwa kutoka gome la mti. Waganda wanaliita lubugo. Linatoka kwenye mutuba, mti wa jamii ya mkuyu. Wakati wa mvua fundi anakwangua ganda la nje, anapasua gome la ndani kwa urefu na kulivua zima, halafu anauvika mti majani ya migomba ili kidonda kipone. Mwakani atarudi kwenye mti ule ule. Gome linapondwa kwa saa nyingi chini ya kibanda kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia nyundo ya mifereji mipana hadi ya mifereji membamba, linatanuka mara kadhaa, linaanikwa, na jua linalipa ule wekundu wa chungu cha udongo. UNESCO waliutambua ufundi huu mwaka 2005.

Ukilishika kwa mara ya kwanza utanyamaza. Ni kitambaa na ni ngozi, na kila lilipotoboka wakati wa kupondwa fundi ameshaziba kwa kiraka cha kushonwa. Vile viraka, kwangu, ni vizuri kuliko chochote nitakachopaka juu yake. Msanii wa Uganda aitwaye Sanaa Gateja anashonea juu ya gome maelfu ya shanga za karatasi iliyoviringishwa. Gome linabeba uzito wote huo bila kulalamika. Rangi ya maji inazama humo na kufifia, rangi nzito inakaa juu kama tope. Linapenda sindano zaidi ya brashi.

Lakini kwa swali letu, gome linafeli mtihani wa kwanza. Mtu mwingine ameshalitolea jasho siku nzima. Ukiwa Kampala au Masaka ni jambo la kwenda sokoni. Ukiwa Dar linakuja kwa basi kupitia mpaka wa Mutukula na bei yake inapanda njiani. Nikilichana vibaya, silali. Tena lina heshima zake: kwa Waganda ni nguo ya kifalme na ndiyo wanayovikia maiti, kwa hiyo kabla hujalichezea, muulize mzee wa huko. Gome ni la mtu ambaye mkono wake umeshalegea na sasa anatafuta mwenzi wa kuzungumza naye.

Kama kinachokuvuta ni nyuzi kuliko gome lenyewe, kuna ukindu na kamba za mgomba, na kuna akina mama wanaojua kuvisuka kuliko chuo chochote cha sanaa. Acaye Kerunen, msanii wa Uganda, alifanya kazi na wasukaji wa namna hiyo, na kazi hizo zilikuwa kwenye banda la kwanza la Uganda katika maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2022. Ukienda njia hii, walipe vizuri na uwataje.

Vizibo, waya, ndala

Hapa sina mengi kwa sababu wewe tayari ni mtaalamu. Kama ulicheza chandimu kwa mpira wa matambara na mifuko, au uliendesha gari la waya lenye matairi ya kandambili, umeshahitimu. Malighafi imetupwa, hasara ya kuiharibu ni sifuri, na muda wa kusubiri ni dakika za kufika jalalani. Cyrus Kabiru wa Nairobi anatengeneza miwani ya ajabu kwa chuma chakavu na vikorokoro alivyookota, na ukiiona unajua alikuwa anacheka alipoitengeneza. El Anatsui, Mghana aliyefundisha Nsukka, Nigeria, kwa miaka mingi, aliokota mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe, akavibapaza na kuviunganisha kwa waya wa shaba hadi vikawa mapazia yanayofunika ukuta wa jumba zima. Mwaka 2015 maonyesho yale ya Venice yalimpa tuzo yao ya Simba wa Dhahabu.

Ila nitie neno la kunung'unika. Kila mtu anaona kazi ya El Anatsui, anakusanya vizibo mia mbili, anavibandika kwenye ubao kwa umbo la ramani ya Afrika, anaita "taka kuwa sanaa". Hapo hakuna aliyecheza. Jibu lilijulikana kabla kizibo cha kwanza hakijabandikwa. Kizibo kinakuwa mchezo pale unapokikunja, unakitoboa, unakikwaruza rangi, unakipiga nyundo uone kinalia vipi, na hujui unaelekea wapi. Vaa viatu vizito, chanjo ya pepopunda iwe haijaisha muda. Na uwe na stoo. Mimi sina, ndiyo maana niliacha.

Basi, nani achukue kipi

Ukiwa na uani, kamba ya kuanikia na majirani wavumilivu, chukua karatasi, na usinunue chochote zaidi ya wavu na beseni. Ukiwa kwenye chumba kimoja bila uani, udongo: makopo yanakaa uvunguni, kioo cha kusagia kinakaa mapajani. Ukiwa na watoto ndani ya nyumba, manjano na choya kwanza, hata kabla ya hivyo vingine, kwa sababu watakufundisha haraka kuliko mimi. Anayeshona vizuri na amechoka na brashi, asafiri akalione gome. Mwenye stoo, koleo na roho ngumu, vizibo. Na kama una oda inayokusubiri, imalize kwa akriliki yako, mchezo utaukuta hapo hapo.

Usichanganye vyote kwa pamoja mwezi wa kwanza. Nimeona watu wananunua magadi, gundi ya mgunga, koleo, nyundo, wanapiga picha meza, na meza ndiyo inabaki kuwa kazi yao bora.

Mwenzangu wa twiga nilimshauri karatasi. Hakunisikiliza. Alichukua ndoo akachimba nyuma ya banda la kuku, akaloweka, akamimina, na asubuhi akakuta rangi yenye uzambarau kidogo ambao wangu haujawahi kuutoa hata siku moja. Ananipigia kila jioni kuuliza kwa nini. Nimemwomba aniletee kopo moja.